Muuguzi Afanye Nini Kwanza?

Mdogo wangu ni muuguzi huko Minneapolis, wodi ya wagonjwa wa kiharusi. Kwa miezi minne sasa kila Jumapili, jioni yangu na asubuhi yake, hunipigia simu nimtegee maswali. Anajiandaa kwa mtihani wa SCRN wa bodi ya uuguzi wa neva ya Marekani, ule unaomruhusu muuguzi aliyesajiliwa kuongeza herufi nne baada ya jina lake: maswali 170 ya kuchagua, saa 3, basi. Mimi si mtu wa tiba. Nimefundisha fasihi miaka mingi, na katika simu hizo kazi yangu ni kusoma kwa sauti na kungoja. Ila aliyezoea kuhakiki hawezi kusoma kitu kimoja mara mia bila kukigeuza aone kimeshonwa wapi. Nilipofika swali la hamsini hivi niliacha kusikiliza majibu yake, nikawa nasikiliza maswali.

Maswali ya mtihani wenyewe sijayaona na sitayaona. Watahiniwa hukubali kwa saini kwamba hawatayatoa nje. Hili hapa nimelitunga mwenyewe kwa mwendo wa vitabu vya mazoezi, na mdogo wangu alinirudishia mara mbili kabla ya kulikubali:

Mwanamume wa miaka 68 anafikishwa idara ya dharura saa 2:40 asubuhi. Mkono na mguu wa kulia imelegea, na hawezi kutoa maneno. Mkewe anasema alimkuta hivyo alipoamka saa 1:30. Mara ya mwisho walizungumza saa 5 usiku, walipokwenda kulala. Ana kisukari na hujidunga insulini. Shinikizo la damu ni 192/104. Muuguzi afanye nini kwanza? (a) Apime sukari kwenye damu. (b) Aandae dawa ya kushusha shinikizo. (c) Apime uwezo wa kumeza. (d) Aandae alteplasi ya kuyeyusha bonge la damu.

Hadithi zetu huanza kwa kuuvunja wakati. Ukisema "hapo zamani za kale" umemwambia msikilizaji aiweke saa yake pembeni. Swali hili linafanya kinyume: linaupigilia wakati misumari kwenye sentensi ya kwanza. Si alfajiri, si asubuhi na mapema, ni saa 2:40. Mhusika wake hana jina, hana kazi, hana mtoto aliye mbali anayepaswa kupigiwa simu. Wanafunzi wangu wangemwita mhusika bapa na kuchukua alama zao. Ana umri, ana upande, ana saa. Upande ni wa kulia na maneno yamekwenda, na kwa msomaji aliyejiandaa sentensi hiyo ni ramani tayari: tatizo liko nusu ya kushoto ya ubongo, ambako kwa watu walio wengi ndiko lugha ilikojenga. Paul Broca alianza kulionyesha hilo jijini Paris mwaka 1861, kwa mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja tu, "tan", akijibia kila kitu. Mtunzi wa swali hamtaji Broca. Anaandika mkono, mguu, maneno, na kupita.

Sasa tazama saa. Ziko tatu: alipofikishwa, alipokutwa, alipoonekana mzima mara ya mwisho. Msomaji mgeni hukamata ile ya katikati kwa sababu ndiyo yenye tukio. Mke ameamka, amegeuka, ameona. Hapo ndipo hadithi ya kawaida ingeanzia. Lakini kanuni ya kiharusi ni kwamba saa huanza kuhesabiwa pale mtu alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho, si pale alipokutwa, kwa sababu hakuna ajuaye mshipa uliziba dakika gani ya usiku. Saa 5 usiku hadi saa 2:40 asubuhi ni saa 9 na dakika 40. Alteplasi iliidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa kiharusi cha mshipa ulioziba, baada ya utafiti uliochapishwa mwaka 1995, na mpaka wake ulikuwa saa 3. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2008 ukausogeza hadi saa 4 na nusu. Kwa hiyo jibu (d), ambalo ndilo lenye vishindo, limeangushwa na maneno "walipokwenda kulala", yaliyoandikwa kana kwamba ni maelezo ya nyumbani tu. Wala halijafa kabisa. Baadhi ya walioamka na kiharusi hupewa dawa baada ya picha maalumu ya MRI, na tangu mwaka 2018 wapo wanaochomolewa bonge kwa katheta hata saa 24 baadaye. Ila hiyo ni kazi ya baadaye kidogo, na swali halikuuliza cha baadaye.

Shinikizo la 192/104 nalo ni chambo kilichopimwa kwa uangalifu. Anayeandaliwa kupewa dawa ya kuyeyusha bonge lazima awe chini ya 185/110. Namba ya juu imevuka kidogo, ya chini haijavuka, na mtahiniwa aliyekariri mpaka huo mkono wake unakwenda wenyewe kwenye (b). Ila asiyepewa dawa hiyo wala kupelekwa kwenye katheta huachwa, kwa kawaida, hadi 220/120, kwa kuwa eneo la ubongo linalozunguka pale palipoziba linaishi kwa msukumo huohuo tunaotaka kuushusha. Kwa hiyo 192 si namba yenye maana yake peke yake. Maana yake iko sentensi mbili nyuma, kwenye saa 5 usiku. Hiyo ndiyo ninayoiita kazi ya umbo: sentensi ya sita haisomeki bila ya nne.

Na ile ya tano? "Ana kisukari na hujidunga insulini." Ndiyo sentensi yenye sauti ya chini kuliko zote, na imewekwa katikati ya kelele mbili, saa na shinikizo. Sukari ikishuka mno kwenye damu, mtu anaweza kulegea upande mmoja na kupoteza maneno vilevile kama mwenye kiharusi, kisha ukimpa sukari akakaa na kukuuliza viatu vyake viko wapi. Ndiyo maana katika vipimo vyote vya damu, hicho ndicho ambacho lazima jibu lake lipatikane kabla ya alteplasi. Tone la kidole, sekunde chache. Jibu ni (a).

Washairi wetu wana mazda, kurefusha neno ili mizani itimie, na wana inkisari, kulifupisha. Swali la kiharusi lina inkisari tupu. Ukiona neno ambalo unadhani limewekwa kujaza nafasi, hilo ndilo lililoshika jibu. Humsomea mdogo wangu swali lenye mgonjwa "anayetumia lisinopril" au "aliyefanyiwa upasuaji wiki iliyopita", na kabla sijamaliza najua pale ndipo palipotegwa. Simjui lisinopril ni nani, ila naijua tabia ya mtunzi.

Kuna jambo moja kwenye majibu ambalo lilinichukua wiki mbili kulielewa, nalo ndilo ninaloliona kuwa kiini cha utanzu huu. Sisi tuliolelewa na maswali ya kuchagua ya shule tulizoea shina moja, kweli moja na vipotoshi vitatu. Vipotoshi vilikuwa uongo, na uongo mwingine ulikuwa wa kuchekesha. Humu hakuna uongo. Kupima sukari ni kwema. Kushusha shinikizo, kwa mgonjwa wake, ni kwema. Kupima kumeza ni lazima, tena kabla ya mtu huyu kupewa hata kidonge cha aspirini na funda la maji, kwa sababu koo lililopooza hupeleka maji kwenye mapafu. Na alteplasi imewainua wengi. Matendo manne mema yamesimama mstari mmoja. Matatu yamekosea zamu au mgonjwa.

Wahenga wetu walitufanyia hivihivi. Walituambia haraka haraka haina baraka, na walewale wakatuambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtoto wa kidato cha kwanza huuliza kwa nini wanajipinga, na mwalimu hodari humwambia hawajipingi, wamekuachia wewe ujue ni saa ngapi. Neno lililobeba mtihani wa kiharusi mzima ni hilo lililo mwisho wa shina, "kwanza". Ukilifuta, swali linakufa: majibu zaidi ya moja yanakuwa sahihi. Sijui utanzu mwingine wa maandishi unaotegemea kielezi kimoja namna hii.

Jamaa zangu wa idara wangesema hiki ni kitendawili. Mimi na mdogo wangu tulilichukulia hivyo tangu mwanzo, kwa mchezo. Nasema kitendawili, anasema tega, nasoma. Akishindwa ananipa mji, ndipo namsomea maelezo ya jibu yaliyo nyuma ya kitabu. Hadi sasa nina Tabora, Kigoma, Lindi, na Tanga amenipa mara mbili kwa kusahau. Lakini kitendawili cha nyumba isiyo na mlango hukuficha kitu: yai halimo kwenye maneno, lazima ulitoe kichwani. Hapa kitu kimewekwa mezani, kimeandikwa herufi (a), na kilichofichwa ni mahali pake kwenye foleni. Kitendawili kinapima kama unaweza kuona mfanano. Swali hili linapima kama unaweza kuuacha wema ukae ungoje.

Kwa msomaji wa huku nyumbani kuna hadithi nyingine ndani ya swali, nayo ni ya kubuni kabisa: mashine ya picha ipo na inafanya kazi, hakuna anayetumwa dirishani kulipia kwanza, na mgonjwa hakupitia kwanza kwa mtu aliyesema ni upepo umempiga. Silaumu. Mtihani ni wa Marekani na unasema ya Marekani. Ila muuguzi wa hospitali ya wilaya akilisoma atatabasamu mahali ambapo mtunzi hakuandika kichekesho.

Lililonikosesha usingizi ni saa. Nililitunga swali langu kwa saa za Kiswahili, kama unavyoona, nami sikufikiri lolote. Mdogo wangu alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Kaka, hapo umeua mtu." Akanieleza. Chukua mama wa Tanga aliyekwenda kumwangalia mwanawe huko. Mumewe ameanguka. Wanamwuliza ni lini alimwona mzima, naye anasema saa 3 asubuhi, walipokuwa wanakunywa chai. Mkalimani mwenye haraka, au mama mwenyewe kwa Kiingereza chake cha shule, anakwenda neno kwa neno: tatu, asubuhi. Kwa masikio ya kule hiyo ni saa 9 ya usiku wetu. Wamefika hospitali saa 5 asubuhi. Kwa kweli zimepita saa 2, na mgonjwa yumo ndani ya muda. Kwa karatasi zimepita saa 8, na hayumo. Dawa haijatayarishwa. Saa 6 nzima zimezaliwa mdomoni.

Geuza upande wa pili, pabaya zaidi. Mama anasema saa 3 usiku, baada ya taarifa ya habari. Inaandikwa tatu ya usiku wao. Wamefika saa 12 asubuhi. Karatasi inasema saa 3, karibuni, mpeni dawa. Ukweli ni saa 9, na dawa inayoyeyusha bonge kwa aliyechelewa hivyo huongeza hatari ya damu kuvuja ubongoni. Haya ni mahesabu yetu ya kwenye simu, si kisa kilichotokea. Lakini yanaonyesha kitu kuhusu umbo la swali. Swali humpa mtahiniwa saa ikiwa imeshamenywa. Kitandani saa ni masimulizi. Ni chai, ni taarifa ya habari, ni "bado jua halijachomoza", na muuguzi ndiye anayeyafanya kuwa namba. Kazi ngumu kuliko zote kwenye sentensi ile ya nne ilifanywa kabla swali halijaandikwa, na wala hatuoni aliyeifanya. Mdogo wangu siku hizi akikutana na mtu wa kwetu huuliza, "Jua lilikuwa wapi?"

Mtihani huo pia una maandishi mengine ndani yake, ambayo lazima mtahiniwa ayajue kwa moyo: kipimo cha kiharusi cha Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambacho wauguzi hukiita NIHSS. Kilichapishwa mwaka 1989. Vipengele 11, vingine vimegawanywa, alama 0 hadi 42, na kadiri zinavyopanda ndivyo hali ilivyo mbaya. Mimi nimekisoma kama tamthilia ya mhusika mmoja. Kuna maelekezo ya jukwaani: nyoosha mkono, mgonjwa akiwa amelala uwe nyuzi 45, ushikilie sekunde 10, mguu nyuzi 30, sekunde 5. Kuna sheria za uigizaji, nazo ni kali: usirudi nyuma kubadili alama, usimsaidie kupata jibu, pokea jibu la kwanza, andika alichofanya mgonjwa na si unachodhani angeweza. Sheria hiyo ya mwisho ningeibandika ukutani kwa wahakiki wote.

Swali la mwezi na umri ndilo fupi kuliko yote, na kwangu ndilo tajiri. Mgonjwa aseme mwezi huu ni upi na ana miaka mingapi. Majibu ya kukaribia hayahesabiwi. Ama umepata au hukupata. Sasa mweke pale mzee wa pwani. Umri wake ameukokotoa maisha yote kwa njaa ile, kwa mafuriko yale, kwa mwaka alipotahiriwa pamoja na fulani. Cheti chake kina Januari mosi kwa sababu karani alihitaji kuandika kitu. Muulize mwezi, naye anaweza kukujibu kwa utulivu kabisa kuwa ni Mfungo Sita, kwa sababu maulidi yamekaribia na kichwa chake ki timamu kuliko cha anayemwuliza. Karatasi ya alama haina mahali pa Mfungo Sita.

Halafu kuna picha za kutaja majina. Sita: glavu, ufunguo, mpungate, kiti, unyoya, na kile kitanda cha kuning'inia ambacho Wazungu hufunga baina ya miti miwili wakalala mchana. Ufunguo, kiti na unyoya hazina ugomvi. Glavu kwa mtu wa joto si ya kila siku, mpungate atauita mwiba. Ya sita ndiyo iliyonichekesha peke yangu chumbani. Jina lake kwa Kiswahili ni machela, na machela kwenye kamusi zetu ni hicho cha kuning'inia na ni kitanda cha kubebea mgonjwa pia. Kwa hiyo mtu amelazwa juu ya machela, anaonyeshwa machela, anaulizwa hii ni nini, na akishindwa anaandikiwa kuwa lugha imemtoka. Labda imemtoka. Labda hajawahi kuona mtu mzima mwenye afya akilala kwenye machela kwa hiari yake.

Maneno ya kupimia matamshi nayo yana ufundi ninaoupenda. Yanaanza na "mama", midomo tupu. Yanafuata ya kurudiarudia, ya ncha ya ulimi na midomo, kisha yanaelekea kwenye tunda la misitu ya Marekani na mchezaji wa besiboli. Anayejua fonetiki anaona mpango: midomo, ncha ya ulimi, nyuma ya kinywa, kisha vyote kwa mfululizo. Ni orodha iliyotungwa kwa sikio. Lakini limo neno linaloishia kwa konsonanti tatu zilizosongamana, na Kiswahili hakifungi silabi namna hiyo. Mtu mzima wa kwetu mwenye ulimi salama ataliongezea irabu mwishoni bila hata kujua. Nilijaribu kumtungia mdogo wangu orodha ya kwetu. Mama, pitapita, kakakuona, ng'ambo, papatupapatu. Alicheka hadi akaangusha simu. Si kipimo rasmi, wala asikitumie mtu.

Udhaifu mkubwa wa maandishi haya, na wenyewe wauguzi wanaujua na mtihani huwauliza, uko kwenye mgawanyo wa alama. Katika 42, alama 7 zimefungamana moja kwa moja na lugha, na 2 tu ni za kupuuza upande. Mwenye kiharusi cha nusu ya kulia ya ubongo anaweza kupoteza upande wake wa kushoto kwa namna ya ajabu: macho hayajapofuka, ila kushoto kumeacha kuwepo. Mdogo wangu alinielezea mama mmoja aliyelalamika kuwa amepewa chakula kidogo. Sahani ilikuwa na wali. Nusu ya kulia ilikuwa imesafishwa hadi maua ya sahani yanaonekana, nusu ya kushoto haijaguswa, na mpaka kati yao ulikuwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Aliigeuza ile sahani nusu duara. Yule mama akashukuru kwa kuongezewa, akala.

Mama huyo anaongea vizuri, anajua mwezi, anataja machela. Alama zake ni chache. Na aliyeziba mshipa wa nyuma, unaolisha shina la ubongo na ubongo mdogo, anaweza kuwa na kizunguzungu cha kumwangusha na kipimo kikasoma 0. Kipimo kimetengenezwa kwa maneno, kikawaonea huruma waliopoteza maneno.

Kuna mahali pamoja ambapo umbo na maana vimekaa pamoja vizuri hata nikatamani ningelitunga mimi. Mgonjwa akishapewa alteplasi, miligramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito na isizidi 90, asilimia 10 kwa dakika moja na iliyobaki kwa saa nzima, muuguzi humpima shinikizo na hali ya neva kila dakika 15 kwa saa 2, kila dakika 30 kwa saa 6, kisha kila saa kwa saa 16. Fanya hesabu: vipimo 8, vipimo 12, vipimo 16. Jumla 36, na saa 24 zimetimia. Nane ni mizani ya utenzi, kumi na sita ni ya shairi, na mwendo wa usiku ule unatoka kwenye mbio za kwanza kwenda kwenye utulivu wa pili kwa hatua ambazo masikio yangu yanazitambua. Wala si mapambo. Mwanzoni hatari ya damu kuvuja ni kubwa, kwa hiyo pumzi ni fupi. Hatari inavyorudi nyuma, mstari unarefuka. Watahiniwa hukariri "mbili, sita, kumi na sita" kama watoto wanavyokariri jedwali. Katikati yake kichwa kikianza kuuma ghafla, akitapika, shinikizo likiruka juu, ubeti unakatwa hapohapo: dawa inasimamishwa, mgonjwa anarudi kwenye picha. Siku hizi tenekteplasi, inayosukumwa kwa sindano moja, inachukua nafasi ya alteplasi mahali pengi, na saa ile ya dripu imetoweka. Usiku wa vipimo umebaki.

Jumapili iliyopita tulibadilishana viti. Alisema amechoka kutoa miji, sasa anitegee yeye. Mgonjwa yuko dakika ya 20 ya alteplasi. Anatumia lisinopril ya shinikizo. Upande mmoja wa ulimi umeanza kuvimba. Muuguzi afanye nini kwanza? Asimamishe dawa, ahakikishe njia ya hewa iko wazi, amwite daktari, aandae dawa ya mzio.

Nilimjua lisinopril safari hii: dawa za jamii yake ndizo zinazoongeza uwezekano wa uvimbe huo kwa anayepewa alteplasi. Nikasema simamisha dawa.

"Na hewa je?"

Nikasema basi hewa, kwa sababu mtu asiyepumua hana kiharusi cha kutibiwa.

"Na dawa inaendelea kutiririka?"

Nikamwuliza maelezo ya jibu yaliyo nyuma ya kitabu yanasemaje. Akasema kitabu kimoja kinasema hivi, kingine vile, na mwongozo unaviandika vyote kwenye orodha moja.

"Mimi hapo, kaka, mkono uko kwenye pampu, macho yako mdomoni mwake, na nimeshamwita mwenzangu kwa sauti. Sasa wewe niambie kwanza ni kipi kati ya hivyo."

Nikasema sijui.

"Nipe mji."

Nilimrudishia Tanga.

"Ile ya kwanza au ya pili?"